Tom Mboya na swali la iwapo soko lina akili

JUMAMOSI ya Julai 5, 1969, mwendo wa saa saba mchana, Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, Thomas Joseph Mboya, alitoka katika duka la dawa la Chhani katika barabara ya Government Road jijini Nairobi, barabara ambayo leo huitwa Moi Avenue. Kabla ya kulifikia gari lake alipigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Wakenya humkumbuka hayati Mboya kwa mambo mengi. Wapo wanaomtaja kwa ufasaha wake jukwaani, wapo wanaokumbuka ndege zilizowapeleka vijana Marekani kusoma, na wapo wanaodai kwamba angekuwa rais. Hata hivyo, kuna upande mmoja wa maisha yake usiozungumzwa sana. Tangu alipoajiriwa akiwa kijana wa miaka 20 hadi siku aliyouawa, kazi yake hasa ilikuwa kuuliza ni nani anayepanga bei ya jasho la mwanadamu, na ni nani anayeamua fedha za nchi zipelekwe wapi.

Swali hilo lingali hai. Katika taarifa za biashara husikika kila mara kwamba soko limeogopa, soko limekataa, soko limeamua. Msikilizaji asiyezoea lugha hiyo angedhani kuna mzee fulani aitwaye Soko, aketiye katika orofa ya juu huko Westlands, anayepima habari zote za dunia kisha akatoa hukumu. Je, ni kweli soko ni kitu chenye akili, kinachojua, kinachotaka na kinachotenda? Hatudai kwamba Mboya aliliuliza swali kwa maneno hayo. Ila maisha yake yote yalikuwa mvutano na jibu lake.

Soko lijualo mengi

Wanaoamini kwamba soko lina akili wana hoja nzito, na ni haki kuisikiza kwanza. Mnamo 1776 mwanafalsafa wa Scotland, Adam Smith, alieleza jinsi watu wanaotafuta faida zao binafsi wanavyoweza kuinufaisha jamii pasipo kukusudia. Mnamo 1945 mwanauchumi Friedrich Hayek aliongeza kwamba hakuna afisi yoyote ya serikali inayoweza kukusanya maarifa madogo madogo yaliyotapakaa kwa mamilioni ya watu, ilhali bei huyakusanya bila kuombwa.

Msomaji wa Nairobi hahitaji vitabu ili kuelewa jambo hili. Mvua ikiharibu barabara ya kutoka mashamba ya nyanya ya Mwea, bei hupanda katika soko la Kangemi na lile la Kawangware. Mama anayepika hajui lolote kuhusu daraja lililosombwa, lakini hupunguza nyanya chunguni kana kwamba amearifiwa. Mwenye lori naye hutafuta nyanya upande mwingine. Hakuna aliyetoa amri wala aliyeitisha mkutano, na bado maelfu ya watu wamebadilisha mwenendo kwa pamoja. Ikiwa akili ni uwezo wa kupokea habari na kuzijibu ifaavyo, basi hapo pana kitu kinachofanana na akili.

Lakini tumwitapo mtu mwenye akili na hiari hatumaanishi kujua tu. Twamaanisha pia kwamba ana jambo analolitaka, na kwamba akiulizwa kwa nini ametenda hivi wala si vile, anaweza kujibu. Ni katika mambo hayo mawili ambapo maisha ya Mboya yana la kutufundisha.

Mtoto wa shamba la mkonge

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, karibu na Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge la mlowezi Sir William Northrup McMillan. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mfanyakazi wa shamba hilo, na asili ya jamaa hiyo ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Kwa hivyo mtoto huyo alikulia mahali ambapo watu wa makabila mbalimbali waliishi pamoja kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wote walikuwa wakiuza nguvu zao kwa tajiri mmoja.

Alisoma katika shule za wamishenari za Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, St Mary's Yala, kisha Holy Ghost College, Mang'u. Alifaulu, lakini karo ya kuendelea haikupatikana. Akachagua mafunzo ambayo hayakumtaka alipe. Mnamo 1948 aliingia Jeanes School, Kabete, magharibi mwa Nairobi, kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, na akahitimu miaka miwili baadaye. Mahali hapo leo pana Chuo cha Serikali cha Kenya, ambapo maafisa wa umma huenda kujifunza uongozi.

Bwana afya na chupa ya maziwa

Mnamo 1951 Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kama bwana afya. Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupima maziwa yaliyouzwa mjini.

Kazi hiyo yenyewe ni somo. Maziwa yaliyotiwa maji hufanana na maziwa halisi, na muuzaji laghai anaweza kuyauza kwa bei ile ile. Bei haitamwambia mnunuzi kilichomo ndani ya chupa, na mtoto akiugua, soko litakuwa limechelewa mno kujua. Ndiyo maana jiji likamweka mtu mwenye vyombo vya kupimia na mamlaka ya kumshtaki mkosaji. Soko la maziwa lilifanya kazi kwa sababu nje yake palikuwa na jicho lililoona yale ambayo bei haikuona.

Baadaye Mboya alisimulia kisa kilichompata akiwa kazini. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu na chupa mkononi. Mwanamke huyo alitazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu yeyote humo. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Katika mshahara, hali ilikuwa hiyo hiyo. Bwana afya Mwafrika alifanya kazi sawa na mwenzake Mzungu, akaupata kiasi kidogo tu cha malipo ya huyo mwenzake. Wenye mamlaka walikuwa na maelezo yao: hiyo ndiyo bei ya kazi ya Mwafrika. Walisema hivyo kana kwamba bei hiyo ilishuka kutoka mawinguni pamoja na mvua. Mboya alitambua mapema kwamba haikuwa bei ya kazi, bali bei ya rangi ya ngozi, na kwamba ilikuwa imeandikwa na watu wenye majina, katika afisi zinazojulikana.

Hali ilikuwa vivyo hivyo mashambani. Kwa miaka mingi Waafrika walizuiwa kupanda kahawa, ilhali mahindi ya walowezi yalilipiwa bei iliyozidi ile ya mahindi ya Waafrika. Hata soko la hisa halikuwa tofauti. Wafanyabiashara wa hisa wa Nairobi walizoea kukutana kwa kikombe cha kahawa katika hoteli ya New Stanley, na mnamo 1954 chama cha madalali wao kikasajiliwa kuwa Soko la Hisa la Nairobi. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua na kuuza humo hadi baada ya uhuru. Soko lililosemekana kujua yote lilikuwa limeziba masikio lisisikie watu wengi wa nchi.

Mshahara wa kapera

Mboya alianza na chama kidogo cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Jiji. Mnamo 1952 alikigeuza kuwa chama rasmi cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Oktoba mwaka huo serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Mwaka uliofuata Mboya akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, akiwa na umri wa miaka 23.

Hoja yake kubwa wakati huo ilihusu kile kilichoitwa mshahara wa kapera. Kima cha chini cha mshahara mjini kilihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto: chakula chake, kitanda chake na nguo zake. Wenye viwanda walidai kwamba soko halingeweza kubeba zaidi ya hapo. Mboya na wenzake walijibu kwamba mtu huyo kapera alikuwa wa kubuni. Mfanyakazi halisi alikuwa na mke aliyelima kijijini, na ni jembe la mwanamke huyo, lisilolipwa hata senti, lililowawezesha waajiri wa Nairobi kulipa kidogo. Hesabu ya soko ilikuwa sahihi kwa yale iliyoyahesabu, lakini kuna aliyeamua nini kihesabiwe na nini kiachwe.

Mnamo 1954 kamati iliyoongozwa na Kamishna wa Leba, F. W. Carpenter, ilikubali kwamba mshahara ulifaa kupangwa kwa kuzingatia mahitaji ya familia. Mwaka huo huo, Aprili 24, serikali ilianzisha msako uliojulikana kama Operation Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa jijini na kupelekwa kizuizini. Bei ya kazi katika Nairobi ya siku hizo haikuweza kutenganishwa na bunduki za barabarani.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alisafiri kwenda pwani, akawashawishi warejee kazini, kisha akaiwasilisha kesi yao mbele ya baraza la usuluhishi. Walipata nyongeza ya takribani theluthi moja ya mishahara yao. Meli zilikuwa zile zile na mizigo ile ile. Kilichobadilika ni kwamba waajiri walilazimika kuketi mezani na kueleza kwa nini walilipa walichokuwa wakilipa.

Ndege zisizoitwa na bei

Baada ya mwaka mmoja wa masomo katika Chuo cha Ruskin, Oxford, Mboya alirejea na kuchaguliwa Machi 1957 kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kama mwenyekiti Kongamano la Watu wa Afrika Yote mjini Accra, Ghana.

Ni katika kipindi hicho alipoanza mpango wa kuwapeleka vijana Marekani. Kwa macho ya soko la kazi la kikoloni, mpango huo haukuwa na maana. Hakuna mwajiri aliyekuwa akitafuta wahandisi, mahakimu au maprofesa Waafrika, na kwa hivyo hapakuwa na bei yoyote iliyowaita. Soko huona hitaji la leo ambalo lina fedha nyuma yake, wala halioni nchi ambayo bado haijazaliwa. Mboya aliiona. Akazunguka Marekani akikusanya michango na nafasi za masomo, na Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaondoka kwa ndege ya kwanza. Mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kuusaidia mpango huo. Miongoni mwa waliosafiri mnamo 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wapinzani wake walimshutumu kwa kuwaegemea mno marafiki wa Marekani, na lawama hiyo ilimfuata hadi mwisho. Hata hivyo, uhuru ulipowadia, afisi nyingi zilizoachwa na Wazungu zilipata watu wa kuzishika kwa sababu kuna aliyetangulia kuwaandaa kabla ya soko kuwataka.

Meza ya watu watatu

Mboya alikuwa Katibu Mkuu wa KANU tangu chama hicho kilipoundwa mnamo 1960. Aprili 1962 aliteuliwa Waziri wa Leba katika serikali ya mseto, na Oktoba mwaka huo akasimamia kutiwa saini kwa Mkataba wa Mahusiano ya Kikazi kati ya serikali, Shirikisho la Waajiri na Shirikisho la Wafanyakazi.

Mkataba huo ndio unaoonyesha wazi zaidi alivyolielewa soko. Hakutaka kulifuta. Hakudai kwamba serikali ipange kila mshahara. Alitaka pande zinazolifanya soko zijulikane kwa majina, zikutane, zipewe kanuni, na zikishindwa kuelewana, ziwe na mahali pa kuamuliwa. Mnamo 1964 Mahakama ya Viwanda ikaanzishwa. Mfanyakazi asingeweza kulishtaki soko, lakini mwajiri aliweza kuitwa akajieleze.

Mwaka huo huo wa 1964 serikali iliupata mfano wa jinsi soko linavyoweza kuwashangaza wenye mipango. Kwa makubaliano ya pande tatu, waajiri wa kibinafsi walikubali kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, nao wafanyakazi wakakubali kutodai nyongeza. Ilitarajiwa kwamba idadi ya wasio na kazi ingepungua. Badala yake zaidi ya watu 200,000 walijitokeza kujiandikisha. Habari za kazi zilikuwa zimefika vijijini, na vijana wakafunga safari.

Wanauchumi wawili waliokuwa wakifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwishoni mwa miaka ya sitini, John Harris na Michael Todaro, walieleza kitendawili hicho katika makala yaliyochapishwa 1970 na kusomwa kote duniani. Mtu wa kijijini hapimi mshahara wa mjini peke yake; hupima mshahara huo pamoja na bahati ya kuupata. Kazi zikiongezwa, matumaini huongezeka, na waja mjini huwapita waliopata. Kila mmoja wao alitumia akili yake vyema. Jumla ya akili zao, hata hivyo, ilikuwa msongamano ambao hakuna hata mmoja aliyeutaka.

Waraka Nambari 10

Desemba 1964 Mboya alikabidhiwa Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Mwaka uliofuata ukachapishwa Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Waraka huo ulikataa kufuata Ukomunisti, ukakataa vilevile ubepari usio na lijamu. Uliahidi kwamba mila ya Kiafrika ya watu kuwajibikiana ingekuwa msingi wa uchumi, na kwamba serikali ingeongoza kwa mipango bila kutaifisha mali ovyo.

Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na kifungu ambacho kimezua mjadala hadi leo. Kilisema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kule ambako zingezaa mapato makubwa zaidi, yaani maeneo yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na reli, na watu walio tayari kwa maendeleo. Mapato hayo ndiyo ambayo baadaye yangetumika kuinua elimu na afya ya maeneo mengine.

Hapo yule aliyekuwa amebishana na bei tangu ujana wake aliamua kuziazima macho. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilikuwa maskini, watoto walitaka shule, na yeye aliamini kwamba chungu hakina budi kujaa kabla ya kupakua. Lakini swali lingalipo: kwa nini maeneo hayo yalikuwa na reli na barabara? Si kwa sababu soko liliyachagua kwa hekima. Reli na barabara nyingi zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa manufaa yake na ya walowezi. Kuipeleka fedha ya uhuru mahali ilipokuwa fedha ya ukoloni kulikuwa ni kuliacha lililopita liamue lijalo. Turkana, Mandera, Wajir na Marsabit hazikuwa na mvua wala reli, na kwa kipimo hicho zilikuwa mwisho wa foleni.

Wakosoaji walijitokeza mara moja. Barack Obama Mkubwa, mwanauchumi na rafiki wa Mboya, aliandika makala mwaka huo huo akihoji jinsi ujamaa huo ungewezekana iwapo biashara kubwa zingebaki mikononi mwa wachache na wageni. Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga na wanasiasa wa mrengo wa kushoto waliona kwamba serikali ilikuwa ikiyapa kisogo matumaini ya wasio na ardhi. Mmoja wa viongozi wa mrengo huo, Pio Gama Pinto, alikuwa tayari ameuawa Februari 24, 1965 nje ya nyumba yake huko Westlands. Aprili 1966 Odinga alijiuzulu na kuongoza chama cha KPU.

Siku za mwisho

Kufikia 1969 Mboya alikuwa akiishi Lavington, mtaa wa magharibi mwa jiji ambao wakati wa ukoloni ulikuwa wa Wazungu. Mtoto wa shamba la mkonge alikuwa amefika mbali, na wengi serikalini waliona kwamba angefika mbali zaidi. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kwa kumuua, akanyongwa mwaka huo huo. Iwapo kulikuwa na waliomtuma, mahakama haikuwataja.

Ibada ya wafu katika Kanisa la Holy Family katikati ya jiji ilizingirwa na umati wenye hasira, na polisi wakatumia gesi ya kutoa machozi. Mwili wake ulizikwa Rusinga. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 25, damu ilimwagika Kisumu wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta, na KPU ikapigwa marufuku. Miongoni mwa yaliyopotea ni mjadala wenyewe wa kiuchumi. Kwa miaka mingi kuuliza ni nani aliyeamua keki igawanywe hivyo kulimweka mtu hatarini.

Aliyeamua ni nani?

Mnamo 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa ripoti kuhusu Kenya. Waligundua kwamba mafundi na wachuuzi wa jua kali, ambao mipango ya serikali haikuwahesabu, walikuwa wakizalisha na kuajiri kwa bidii kubwa. Hapo soko lilikuwa limejua jambo ambalo wizara haikulijua, nayo haki ni kulikiri. Kwa upande mwingine, Katiba ya 2010 iliunda Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka ili kuyafikishia maeneo yaliyoachwa nyuma maji, barabara, afya na umeme. Hazina hiyo ni kukiri kwa namna nyingine: kwamba faida peke yake haikufika huko, na haikuwa na sababu ya kufika.

Soko la hisa lililoanzia kwenye vikombe vya kahawa vya New Stanley sasa lina makao Westlands. Tangu 2006 hisa huuzwa na kununuliwa kwa kompyuta, na bei hubadilika kabla ya mtu kupepesa jicho. Ni rahisi zaidi leo kuliko enzi za Mboya kuamini kwamba kuna akili kubwa inayofikiri badala yetu.

Maisha ya Mboya yanatupa jibu la tahadhari. Soko hujua mengi, na mipango inayolidharau hujuta. Lakini halitaki chochote. Halimpendi mkulima wa Mwea wala halimchukii mfugaji wa Wajir. Halikuamua kwamba bwana afya Mwafrika alipwe kidogo, wala kwamba mfanyakazi ahesabiwe kama kapera, wala kwamba reli ipite hapa badala ya pale. Hayo yaliamuliwa na watu, kisha lawama akabebeshwa asiye na mdomo wa kujitetea wala shingo ya kufungwa kamba. Ustadi wa Mboya alipokuwa katika ubora wake ulikuwa kuwarejesha watu hao mezani. Kasoro ya waraka wake ni kwamba, kwa ukurasa mmoja, alimwachia kiti asiyeweza kuulizwa.

Leo sanamu yake imesimama Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa, nayo iliyokuwa Victoria Street imepewa jina lake. Katika Tom Mboya Street nauli ya matatu hupanda mvua inapoanza, na bei ya mwavuli hupanda nayo, pasipo amri ya mtu. Lakini mahali matatu zinapoegeshwa, ni nani apewe leseni ya kuuza na ni nani akimbizwe na askari, hayo huamuliwa City Hall, umbali wa dakika chache kwa miguu. Mwenye swali anajua mlango wa kubisha.